Mazoezi ya Bastola ya Kujilinda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wamiliki wa Dodoma

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wenye leseni halali ya bastola hapa Dodoma na wilaya za jirani: wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa wanaosafiri na fedha taslimu, wanunuzi wa ng'ombe katika mnada wa Msalato, wenye maduka ya jumla ya mjini, na wengine ambao vyombo vya serikali vimeridhika kwamba wana sababu ya kumiliki silaha. Wengi wao hufika kwa mkufunzi wakiuliza wapige risasi ngapi kwa mwezi. Mimi huwauliza kwanza ni mara ngapi katika mwezi huo wameitoa bastola kwenye holsta, yaani mfuko wake wa kubebea, wakalenga, kisha wakairudisha bila kupiga, kwa kuwa hapo ndipo sehemu kubwa ya ustadi inapojengwa.

Nijue nini kabla ya kupanga mazoezi yoyote?

Zipo kanuni nne za usalama ambazo Mmarekani Jeff Cooper alizieneza katika mafunzo ya bastola ya karne ya 20, na sijaona nyingine zilizozipita. Kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usielekezwe kwenye kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga, yaani kifyatulio, mpaka vilengeo, zile alama za kulengea zilizo juu ya bastola, viwe juu ya shabaha na uamuzi wa kupiga uwe umekwisha kufanyika. Nne, ujue shabaha yako ni nini na nyuma yake kuna nini. Kanuni hizi zimepangwa ili zisaidiane: mtu akikosea moja, zile nyingine humzuia asimuumize mtu, na ajali ya bastola inayoua kwa kawaida huwa imevunja mbili au zaidi kwa wakati mmoja.

Je, kweli mtu anaweza kuongeza ustadi bila kupiga risasi hata moja?

Anaweza, na sababu yake ni ya hesabu. Chukua bastola ambayo umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni milimita 165, kama Glock 17. Mkono ukitikisika wakati wa kubonyeza triga na kilengeo cha mbele kikasogea milimita 1 tu, risasi itaangukia takriban sentimita 4 pembeni kwa shabaha iliyo mita 7, na takriban sentimita 9 kwa shabaha iliyo mita 15. Mtikisiko huo mdogo ndio adui, na hauonekani vizuri bastola inapolia na kupiga teke, yaani kuruka mkononi, kwa sababu mlio na teke huuficha. Bastola ikiwa tupu, unaona wazi kilengeo kikiruka pale triga inapoachia, na ukishauona unaweza kuurekebisha.

Ongeza pia kwamba risasi ni ghali, hupatikana kwa utaratibu wa leseni, na huwezi kuzitumia kila siku. Dakika 12 za mazoezi bila risasi, mara nne kwa wiki, humpa mtu marudio mengi kuliko safari nyingi za uwanja wa shabaha, mradi kila rudio liwe safi. Rudio lililofanywa ovyo huufundisha mkono uovyo.

Kuna tahadhari moja ya kifundi. Bastola nyingi za kisasa hazidhuriki kwa kubonyezwa triga zikiwa tupu, lakini zile za risasi ndogo ya .22 zinaweza kuharibika, kwa sababu pini ya kupigia hugonga ukingo wa chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa. Kwa hizo tumia risasi bandia, zisizo na baruti. Soma kijitabu cha bastola yako kabla ya kuanza.

Nifanyeje mazoezi hayo nyumbani bila kuhatarisha familia?

Nitalijibu swali hili kwa kirefu, kwa sababu nilijifunza jibu lake kwa njia mbaya. Nilipokuwa nimepanga nyumba Chang'ombe, jioni moja nilimaliza mazoezi, nikarudisha magazini, yaani kibweta cha kuwekea risasi, ikiwa imejaa kwenye bastola, nikakoki, kisha simu ikaita. Nilizungumza kwa muda. Nilipokata simu mwili wangu ulirudi wenyewe mahali nilipokuwa nimesimama, macho yakaona duara la karatasi likiwa bado limebandikwa ukutani, nikalenga, nikabonyeza. Risasi ilipita kwenye mlango wa kabati na kuchimba tofali, na upande wa pili wa ukuta ule ndiko mtoto wa mpangaji mwenzangu alikokuwa amelala. Mtoto hakuguswa. Nilikwenda kumwomba radhi baba yake usiku uleule, na tangu hapo nimefuata utaratibu ufuatao bila kuupunguza hata siku moja.

Toa magazini, vuta nyuma mara tatu slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, kisha tazama chemba na uiguse kwa kidole, kwa kuwa macho yaliyochoka huona kile yanachotarajia kuona. Risasi zote, pamoja na zile za akiba, zipeleke chumba kingine na ufunge mlango. Chagua ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu, na mbele yake uweke ndoo ya lita 20 iliyojazwa mchanga mkavu hadi juu, ikiwa imelazwa na kuzibwa vizuri ili shabaha yako ikae katikati ya mfuniko na mtutu uelekee kwenye urefu wa ndoo. Mlango wa mbao, dari ya jipsamu na bati havizuii risasi ya bastola, wala usiliamini tofali la saruji lenye matundu. Zima simu. Sema kwa sauti, "Naanza mazoezi, bastola haina risasi."

Unapomaliza, bandua shabaha kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Sema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, toka chumbani humo, na usiijaze bastola risasi mpaka nusu saa ipite. Ukikatizwa katikati, iwe ni mgeni, mtoto au adhana, hesabu kwamba umemaliza. Ukitaka kuendelea, rudia ukaguzi wote tangu mwanzo.

Ratiba ya wiki iweje?

Siku ya kwanza shughulikia triga peke yake. Simama ukiwa umekaribia ile ndoo ya mchanga, mfuniko wake ukiwa umefunikwa kwa karatasi nyeupe isiyo na alama, mdomo wa mtutu ukiwa sentimita 2 au 3 kutoka kwenye karatasi, na utazame kilengeo cha mbele tu. Bonyeza taratibu mara 20 bila kilengeo kutikisika. Kisha mwombe mtu wa nyumbani aweke sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, akiwa amesimama kando yako na kamwe asipite mbele ya mtutu. Sarafu ikianguka, rudio hilo halihesabiwi.

Siku ya pili fanya kuitoa bastola kwenye holsta, polepole kama mtu anayejifunza kuandika. Mkono wenye nguvu hushika mpini juu kabisa, ukigusa holsta, huku mkono mwingine ukikaa kifuani ili usipitiwe na mtutu. Bastola hupanda wima, hugeukia mbele ikiwa karibu na ubavu, mikono hukutana mbele ya kifua, kisha husukumwa hadi kwenye usawa wa jicho. Kidole hukaa kando ya fremu muda wote huo. Kuirudisha ni polepole zaidi: tazama holsta, hakikisha shati au kitenge hakijaingia ndani yake, ndipo uishushe. Holsta iwe ngumu na ifunike triga yote. Bastola iliyochomekwa kwenye mkanda wa suruali haina nafasi katika mazoezi wala katika maisha.

Siku ya tatu rudia kubadilisha magazini na kuondoa mkwamo kwa kutumia risasi bandia. Siku ya nne changanya yote na kusogea: hatua moja kando, sauti kali ikisema "Simama! Usinisogelee!", bastola ikiwa imeelekezwa chini mbele yako, kisha tazama kushoto, kulia na nyuma kabla ya kuirudisha.

Risasi zangu huangukia chini upande wa kushoto. Je, vilengeo vimeharibika?

Kwa mtu wa mkono wa kulia, karibu kila mara vilengeo havina kosa. Mwili unatarajia mlio na teke, na mkono unajikaza na kusukuma mtutu chini sekunde ileile triga inapoachia. Mwombe mwenzako uwanjani akujazie magazini akichanganya risasi halisi na risasi bandia bila wewe kujua mpangilio. Ukifika kwenye bandia utaiona bastola ikiinama yenyewe bila mlio wowote, na hapo hakuna mtu atakayehitaji kukueleza zaidi. Rudia mpaka isiiname. Kwa wanafunzi wangu zoezi hili limeokoa risasi nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kuutoa kwa maneno.

Nikiwa na risasi 50 uwanjani, nizigawe vipi?

Risasi 5 za kwanza zipigwe mita 7 bila kupasha mkono joto, na matokeo yake yaandikwe daftarini, kwa sababu siku ya shida hutapewa nafasi ya kujaribu kwanza. Kisha 10 za polepole mita 5, ukilenga duara la sentimita 5. Zinazofuata 10 zichanganywe na bandia kama nilivyoeleza hapo juu. Nyingine 10 zipigwe mbili mbili mita 7, bastola ikianzia chini mbele yako, na usiongeze kasi mpaka zote zikae ndani ya karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja. Tumia 10 kwa mkono mmoja, 6 kwa wenye nguvu na 4 kwa dhaifu, kwani mkono wa pili unaweza kuwa umembeba mtoto, umeshika tochi, au umeumia. Tano za mwisho zipigwe mita 15, taratibu, ili uondoke uwanjani ukiwa umemaliza kwa umakini.

Ukiwa na 20 tu, bakiza zile 5 za mwanzo, 10 za polepole na 5 za mkono mmoja. Mengine yafanyie nyumbani.

Naweza kwenda kufanya mazoezi porini, Bahi au Chamwino, ambako hakuna watu?

Hapana. Pori la Ugogo halikosi watu: kuna wachungaji, wakata kuni, watoto wanaotafuta maji na walina asali, na risasi ya bastola inayokosa kizuizi inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Piga risasi katika uwanja wa shabaha unaoruhusiwa tu, na ulizia kituo cha polisi unachohudumiwa kabla ya kwenda popote.

Nifanyie mazoezi umbali gani?

Zaidi ya nusu ya muda wako uwe kati ya mita 3 na 7, kwa kuwa shambulio la mtu kwa mtu hutokea karibu: kwenye mlango wa gari, geti la nyumba, kaunta ya duka. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu huweza kukimbia futi 21, yaani mita 6.4, kwa takriban sekunde moja na nusu, muda ambao mpigaji aliyefunzwa huutumia kutoa bastola na kupiga. Wapo waliogeuza kipimo hicho kuwa ruhusa ya kumpiga yeyote aliye ndani ya mita hizo, nao wamekosea vibaya. Alichoonyesha ni kwamba muda ni mfupi sana, kwa hiyo jifunze kusogea, kuweka gari, meza au mlango kati yako na mshambuliaji, na kuondoka mapema unapohisi jambo haliko sawa.

Kwa nini unasisitiza mazoezi ya kutopiga?

Kwa sababu ya jinsi tunavyoishi. Hapa kwetu mtu akipiga yowe la "mwizi!" saa nane ya usiku, majirani hawajifungii ndani. Wanatoka mbio na tochi, fimbo na mapanga, na miongoni mwao wamo mwenyekiti wa mtaa, vijana wa ulinzi shirikishi na pengine mwanao mwenyewe. Mtu mwenye bastola katika hali hiyo amezungukwa na watu wema wenye silaha mikononi wanaokimbia kumwelekea. Mafunzo ya nchi ambako kila mtu hubaki ndani akisubiri polisi hayamwandai kwa hilo.

Kwa hiyo andaa karatasi kumi za picha, sita za watu wasio na hatia: mmoja ameshika simu, mmoja fimbo ya kuchungia, mmoja tochi, mmoja panga lililoshushwa chini. Mwenzako, akiwa kando na kamwe si mbele ya mtutu, azigeuze moja moja bila mpangilio. Bastola ikiwa tupu, kazi yako ni kutazama mikono, kutoa amri kwa sauti, na kuamua. Kila mara utakapobonyeza triga mbele ya jirani, simamisha zoezi na ueleze kwa maneno ulichokiona na ulichodhani umekiona. Wanafunzi wenye mikono myepesi zaidi uwanjani ndio mara nyingi huanguka hapa, na ninaona ni afadhali waanguke mbele ya karatasi.

Nashindwa kuvuta slaidi kwa nguvu. Je, bastola hii si yangu?

Huenda ni mbinu tu. Watu wengi hunyoosha mkono na kuvuta kwa vidole viwili, jambo linalomshinda hata mwenye misuli. Ilete bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mahali salama, shika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu, kisha sukuma mpini mbele kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta nyuma. Nimewaona akina mama wa miaka sitini wakifaulu katika jaribio la tatu.

Vumbi la Dodoma linaathirije bastola?

Kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo na vumbi huingia kila mahali, na mafuta mengi huligeuza vumbi hilo kuwa tope linalosaga chuma. Paka tone moja moja kwenye reli za slaidi, futa ziada, na ukague bastola unayoibeba kila wiki. Magazini nazo zifunguliwe na kufutwa zikiwa kavu, kwa sababu mikwamo mingi huanzia humo.

Bastola ikikwama, jibu la kwanza ni lilelile kila mara: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi na uiachie, tathmini tena. Ikishindikana, toa magazini, vuta slaidi mara tatu, weka magazini nyingine. Usiwe na tabia ya kuirudisha chemba risasi ileile kila siku, maana kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na shinikizo hupanda kuliko kiwango kilichokusudiwa. Ilinganishe na mpya kwa urefu. Ikiwa fupi, iweke kando na uikabidhi kwa anayehusika na silaha.

Na usiku, umeme unapokatika?

Fanya mazoezi na tochi ya mkono, taa zote zikiwa zimezimwa na bastola ikiwa tupu. Tochi ishikwe mbali na mtutu ili uweze kummulika mtu bila kumwelekezea silaha, na usimlenge yeyote kabla hujamtambua. Jambo lenye uzito zaidi ni mpango wa familia: wote wakusanyike chumba kimoja, mlango ufungwe, mtu mmoja apige 112, na baba au mama mwenye bastola abaki humo badala ya kuzunguka nyumba gizani.

Kuna madhara ya kiafya?

Yapo mawili makubwa. Mlio wa bastola hupita desibeli 150, wakati desibeli 140 za mlipuko mmoja zinatosha kuharibu usikivu bila kupona. Vaa kinga ya masikio na miwani kila mara, hata kwa risasi moja. La pili ni risasi ya madini, yaani lead, iliyo kwenye vichwa vya risasi nyingi na kwenye moshi wake. Nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, badilisha nguo kabla ya kumpakata mtoto, na mama mjamzito asiende uwanjani kabisa.

Sheria inaniruhusu nini?

Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015. Haki ya kujilinda imo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vinavyohusu kujilinda, na kiini chake ni kwamba nguvu unayotumia iwe ya kiasi na ya lazima kwa ulinzi huo. Mwizi anayekimbia na begi lako akiwa amekupa mgongo hakushambulii tena. Soma vifungu hivyo pamoja na wakili, ukiwa umetulia, kabla ya siku ya kuvihitaji.

Nikilazimika kupiga, mazoezi yaendelee mpaka wapi?

Yaendelee mpaka mwisho wa tukio. Rudia kwa maneno na vitendo: tafuta kinga, hakikisha hatari imekwisha, irudishe bastola kabla umati haujafika, piga 112, zuia damu ya aliyejeruhiwa hata kama ndiye aliyekushambulia, na usiguse kitu kingine. Majeruhi anaweza kuhitaji fomu ya polisi, PF3, kwa matibabu yake, hivyo taarifa ikitolewa haraka humsaidia yeye na wewe.

Sijafanya mazoezi tangu mwaka jana. Nianze upya?

Anza na wiki mbili za mazoezi bila risasi, ukirudia siku ya kwanza na ya pili tu, ndipo uende uwanjani na risasi 20. Zile 5 za mwanzo ziandike daftarini kama zilivyo, pamoja na tarehe, umbali na mahali zilipoangukia. Mpaka zitakapokaa ndani ya karatasi, iache bastola kwenye kasha la chuma lenye kufuli, na ufunguo ukae mahali ambapo watoto hawafiki.